Maswali na Majibu: Je, boti ya jua itavuka Atlantiki kwa nodi 8?

SWALI: Ndugu mhandisi, salaam. Nina katamarani (boti ya miili miwili) ya fiberglasi ya mita 12, uzito wake tani 8 ikiwa imepakia. Injini zake mbili za dizeli zimechoka. Nataka kuzing'oa, niweke mota za umeme na kufunika paa lote kwa paneli za jua. Nia yangu ni kuvuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi bila tone la mafuta. Muuzaji wa mota ananiambia nikiweka betri za kilowati-saa 100 nitakwenda nodi 8 (maili za baharini 8 kwa saa) bila wasiwasi. Je, ni kweli? Betri hizo zinatosha? Na nikikutana na mawingu siku tatu mfululizo nitafanyaje?

JIBU: Ndugu yangu, salaam na wewe. Kuvuka kunawezekana, na wenzako wameshavuka kwa boti isiyopishana sana na yako. Nodi 8 zisahau. Utakwenda nodi 4, siku nyingine pungufu, na utakuwa njiani wiki nne. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, mengine yote yanapangika. Ukilikataa, hakuna ukubwa wa betri utakaokusaidia, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Boti ninayoifikiria ni sun21, katamarani ya Uswisi ya mita 14 iliyovuka Atlantiki kwa jua ikiwa na watu 5, mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, kisha ikaendelea hadi New York. Haikukimbia; ilikwenda polepole. Kabla yao, mwaka 1996, Kenichi Horie wa Japani alikuwa ameshavuka Pasifiki peke yake kwa boti ndogo ya jua, kutoka Ekwado hadi Tokyo. Halafu ikaja PlanetSolar, chombo cha mita 31 chenye paneli za mita za mraba 537, iliyoondoka Monaco Septemba 2010 na kurudi hapo hapo Mei 2012 baada ya kuizunguka dunia. Paneli zake kwa kilele zilitoa kilowati 93. Mota zake kwa wastani zilikula kama kilowati 20 tu, na chombo chenyewe kilizidi tani 80. Namba ya kuitazama ni hiyo 20, kwa sababu ndiyo ya usiku na mchana, jua na kiza. Ile 93 ni ya adhuhuri.

Sasa tupige hesabu ya kwako. Juu ya katamarani ya mita 12, ukijenga paa pana linalofunika na sehemu ya tezi, yaani nyuma ya boti, utapata mita za mraba 50 za paneli. Paneli nzuri za leo zinatoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba jua likiwa kali, kwa hiyo unayo kilowati 10. Kwenye latitudo utakazopita, jua la siku nzima ni sawa na saa 5 hivi za jua la kilele, zaidi au pungufu kulingana na msimu. Nitarudi kwenye msimu baadaye. Toa robo nzima kwa ajili ya joto, chumvi, vivuli na hasara za nyaya. Kinachoingia kwenye betri ni kama kilowati-saa 37 kwa siku. Ili upate picha, lita moja ya dizeli ndani ya injini ndogo inatoa kazi ya kilowati-saa 3 hivi. Kwa hiyo jua lako la siku nzima ni sawa na lita 12 za dizeli.

Katika hizo 37, boti yenyewe ina njaa yake. Usukani wa kujiendesha, friji, taa za usiku, redio, AIS (chombo cha kutambuana na meli nyingine), kompyuta ya ramani, jiko la umeme na mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji: weka kilowati-saa 6 kwa siku, na hapo uwe mtu wa kubana. Mashine ya maji, nikupe moyo, haitishi. Zile ndogo zinazorudisha shinikizo zinakula wati-saa 4 au 5 kwa lita, basi maji ya watu wawili hayawezi kukuangusha. Jiko ndilo la kuchungwa. Zimebaki 31. Zigawe kwa saa 24: unapata kilowati 1.3. Hiyo ndiyo injini yako halisi.

Kilowati 1.3 ni chini ya nguvu farasi mbili, najua inavyosikika. Lakini katamarani nyembamba ya tani 8, safi chini, kwenye maji tulivu, inaweza kwenda nodi 4 kwa nguvu hiyo. Nodi 4 kwa siku nzima ni maili za baharini 96. Kutoka Kanari hadi upande wa pili ni kama maili 2,700. Siku 28. Hesabu hii inakubaliana na yale ambayo sun21 na wenzake waliyaona baharini, ndiyo maana ninaiamini.

Na nodi 8 je? Hapa ndipo muuzaji wako anapokupoteza, pengine naye hajui. Nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inazidi mara nane: 1.3 inakuwa zaidi ya kilowati 10. Tena hiyo ni kabla ya kuhesabu mawimbi ambayo boti yenyewe inayainua. Boti yenye urefu wa mita 12 kwenye usawa wa maji hukaribia ukuta wake, yaani mwendo ambao mawimbi yake yenyewe huizuia, kwenye nodi 8.4; katamarani nyembamba inaupenya ukuta huo kuliko boti ya mwili mmoja, lakini hailipi kidogo. Mimi ningepanga kilowati 16. Betri ya 100 usiikamue hadi tone la mwisho, tumia 80. Themanini kwa 16 ni saa 5. Saa 5 kwa nodi 8 ni maili 40. Umebakiza maili 2,660 na betri imekwisha.

Namba za muuzaji ni za boti inayotoka asubuhi na kurudi gatini jioni kuchomeka waya. Kwa safari ya namna hiyo hana kosa. Bahari kuu ina utaratibu mwingine: betri ni mtungi, paneli ndizo kisima, na mtungi mkubwa hauongezi maji kisimani. Kwa hiyo usiulize "betri itanifikisha maili ngapi". Uliza "leo nimeingiza kiasi gani, na kwa kiasi hicho niende kwa mwendo gani".

Betri ifanye kazi tatu. Kwanza ikuvushe usiku: tangu jua linapolegea alasiri hadi linapopata nguvu asubuhi ni kama saa 14, na kwa kilowati 1.3 za mota pamoja na robo kilowati ya matumizi ya ndani unahitaji kilowati-saa 22. Pili ikubebe siku ya mawingu. Tatu iwe na akiba ya kuingia bandarini, kukwepa meli, kutoka kwenye miamba, kazi za dakika 20 zinazotaka nguvu kubwa ghafla. Kwa boti yako ningeweka uwezo wa 50, nikitumia 40. Za aina ya LFP, yaani lithiamu, chuma na fosfeti, zina uzito wa kilo 450 hivi pamoja na makasha yake. Zile 100 za muuzaji zingefika kilo 900, uzito wa watu kumi na ushei wanaosafiri nawe bila kushika zamu hata moja. Nimechagua LFP pia kwa sababu zinavumilia joto na haziwaki moto kirahisi kama aina nyingine za lithiamu. Katikati ya bahari hilo halina mjadala.

Zigawe makundi mawili yanayojitegemea, kila moja na mota yake, na swichi ya kuyaunganisha inapobidi. Sababu ni hii: kila betri ya lithiamu ina kidhibiti chake, BMS, na kikiona volti au joto limevuka mpaka, kinakata umeme wote papo hapo bila kukuuliza. Hilo likitokea ukiwa unaingia mlango wa bandari wenye mkondo, na una kundi moja tu, umekuwa gogo. Ukiwa na mawili unabaki na mota moja, na katamarani inasukika kwa mota moja. Baki kwenye mfumo wa volti 48. Mkondo wa umeme utakuwa mkubwa na nyaya nene, lakini volti haziwezi kumuua mtu kirahisi akiwa amelowa maji ya chumvi.

Sasa mawingu, ambayo nadhani ndiyo yanayokunyima usingizi. Nisikilize vizuri hapa maana jibu linafurahisha. Tuseme siku tatu nzima paneli zinatoa chini kidogo ya theluthi moja ya kawaida: 11 kwa siku. Unabana matumizi ya ndani hadi 4, zinabaki 7. Unaruhusu betri ishuke kwa 30 katika siku hizo tatu, yaani 10 kila siku. Mota inapata 17, sawa na kilowati 0.7 mfululizo. Je, mwendo umeshuka nusu? Hapana. Kile kipeo cha tatu kilichokunyima nodi 8 sasa kinakutetea: kwa nusu ya nguvu bado unakwenda nodi 3 na kidogo. Siku tatu za mawingu zinakugharimu kama nusu siku ya safari. Mzito wa mguu ndiye anayeumia, yule anayeng'ang'ania nodi 5 chini ya mawingu akitumaini kesho kutakucha vizuri.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni upepo wa omo, yaani unaovuma kutoka mbele ya boti. Wengi wanaopanga safari hizi wanahesabu jua kwa desimali mbili na upepo hawauhesabu kabisa. Boti yako kwenye maji tulivu kwa nodi 4 inapambana na ukinzani wa maji wa nyutoni 350 hivi. Ikiutazama upepo wa nodi 25 uso kwa uso, na eneo lake la mbele likiwa mita za mraba 20, upepo peke yake unaisukuma nyuma kwa nyutoni 2,000 au zaidi. Mara sita ya maji! Ili usonge nodi 3 dhidi ya upepo huo utatumia kilowati 7, na bado sijaweka mawimbi yanayokupiga usoni. Betri nzima inakwisha kwa saa 6, umepata maili 18.

Kwa hiyo njia yako ichorwe na upepo kwanza, jua baadaye. Kutoka Kanari shuka kusini kwanza hadi uzipate pepo za biashara zinazovuma kutoka kaskazini mashariki, kisha geuka magharibi ukiwa umezipa mgongo; mkondo wa bahari nao unaelekea huko huko na utakuongezea nusu nodi siku nyingi. Usishuke mno hadi ukanda wa shwari karibu na ikweta. Upepo huko ni haba, jambo ambalo kwako si baya, ila mawingu mazito ya mvua hujazana humo. Njia hiyo ya kuelekea magharibi ndiyo niliyoikubali katika jibu hili. Ungeniuliza kurudi mashariki kwa boti ile ile, ningekuomba usiende kwa jua peke yake.

Na upepo wa omo ukikukuta hata hivyo, usishindane nao. Teremsha nanga ya mwavuli kutoka omo, punguza mota hadi sifuri, chaji betri, pumzika. Utarudi nyuma maili chache ukiwa na betri iliyojaa, na hilo ni bora kuliko kusonga maili 18 ukabaki huna hata umeme wa taa za usiku.

Upepo una jambo lingine, paa lenyewe. Kwa nodi 40, shinikizo la upepo ni kama kilo 26 kwa kila mita ya mraba. Kwenye paa la mita za mraba 50 hiyo ni tani moja na zaidi, na boti ikirushwa na wimbi upepo unaingia kwa chini na kulifanya bawa. Nguzo za paa zifungwe kwenye mbavu za boti. Kuzikaza kwenye ngozi ya fiberglasi peke yake hakutoshi. Fundi akikuambia gundi inatosha, tafuta fundi mwingine.

Tukiwa bado juu ya paa, niseme kuhusu yale yanayokula umeme kimya kimya. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli chembamba cha antena kikilala juu ya seli moja kinaweza kuzima theluthi ya paneli. Usiziunge paneli zote kwenye kidhibiti chaji kimoja. Weka kidhibiti cha MPPT, yaani kinachojitafutia pale paneli zinapotoa nguvu nyingi zaidi, kwa kila paneli mbili au tatu, ili yenye kivuli isiziburute nyingine. Acha nafasi ya hewa chini yake, kwa maana kila nyuzi joto moja juu ya 25 inakula karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu, na paneli iliyobandikwa juu ya paa bila hewa hufika nyuzi 65 bila shida.

Viunganishi vya nyaya ndivyo ninavyovichunga kuliko kitu kingine chochote kwenye boti za jua. Kwa nje kiunganishi kinaonekana kizima. Ukikifungua, ndani unakuta shaba imegeuka kijani, na pale waya ulipobanwa kuna unga mweusi. Chumvi imepanda taratibu kwa kufuata nyuzi za waya, kama hakubanwa vizuri tangu karakana. Ukinzani unaongezeka, sehemu inapata joto, joto linaongeza kutu, na siku moja plastiki inayeyuka. Tumia waya wa baharini uliopakwa bati kila uzi, na ubanaji ufanywe kwa koleo lake maalumu. Ukiwa safarini, kila adhuhuri jua likiwa kali, pita na kipimajoto cha miale ukivimulika viunganishi kimoja kimoja. Vyote vinapaswa kukaribiana. Kimoja kikiwa na nyuzi 10 zaidi ya jirani zake, hicho ndicho cha kubadilisha leo, kabla hakijakulazimisha.

Chumvi juu ya paneli haihitaji maji yako ya kunywa. Amka kabla jua halijachomoza, umande ukiwa bado juu ya vioo. Umande huo umeshayeyusha chumvi. Pita na kitambaa laini au mpira wa kufutia madirisha, dakika 15 zinatosha.

Kabla hujanunua chochote, pima boti yako. Kodi au azima mota ndogo za umeme, au hata kama utaanza na moja, ifunge tezi. Chagua asubuhi tulivu. Endesha kwa nodi 2, 3, 4, 5 na 6, kila mwendo uende maili nzima na kurudi ili mkondo ujifute, ukiandika kilowati na mwendo wa GPS. Namba kumi hizo zina thamani kuliko jedwali lolote la muuzaji, na ndizo zitakazokuambia paneli ngapi na betri kiasi gani. Mfumo ukishafungwa, toka siku tatu mchana na usiku bila kurudi nchi kavu, nchi ikiwa bado karibu ya kukimbilia, uone kama hesabu ya kuingia na kutoka inakutana. Propela iwe kubwa, inayozunguka polepole. Propela ndogo za kasi zilizorithiwa kutoka kwenye dizeli zitakuibia theluthi ya umeme wako.

Umesema hutaki tone la mafuta, nami naheshimu nia hiyo. Basi nakuomba uweke tanga. Hata dogo la mraba la kushika upepo wa nyuma litakupa kilowati moja au mbili bure siku nyingi za njia hiyo, yaani karibu sawa na kile jua linachoipa mota, au zaidi. Usione kama ni kushindwa. PlanetSolar yenyewe, ilipoanza safari zake mpya mwaka 2017 kwa jina la Race for Water, iliwekewa tiara kubwa la kuivuta na mfumo wa hidrojeni juu ya paneli zake zote zile. Wenye kuijua boti ile kuliko sisi waliona jua linahitaji msaidizi.

Msimu sasa. Mabaharia wa matanga huvuka Desemba, vimbunga vya Karibi vikiwa vimekwisha. Kwako Desemba si mwezi mzuri: mchana mfupi, jua limelala kusini, zile saa 5 zinaweza kushuka hadi 4. Ukiondoka katikati ya Aprili, jua liko karibu na utosi, unapata saa 6 au zaidi, na unafika kabla ya Juni ambapo msimu wa vimbunga huanza. Kwa saa 6 mota yako inapata kilowati 1.6, unakwenda nodi 4.3, unafika siku mbili mapema, na kubwa zaidi betri inajaa kabla ya alasiri. PlanetSolar ilivuka kutoka Las Palmas hadi Saint Martin kwa siku 26 mwaka 2010, msimu wa mwisho wa mwaka. Mwaka 2013 iliondoka Aprili ikatumia siku 22. Chombo kilikuwa kimefanyiwa marekebisho katikati, kwa hiyo si msimu peke yake, lakini mimi kwa boti ya kilowati 10 ningechagua Aprili bila kusita.

Zile namba za mwendo na kilowati ukizipata, niandikie kabla hujatoa malipo ya betri. Zikionyesha nodi 4 kwenye maji tulivu zinakula zaidi ya kilowati 2, shida iko chini ya maji, na tutaanza na propela na usafi wa chini kabla ya kugusa paa.